Hodi ya Kwapani

Katika mji ule mtu hakuwa kama alivyozaliwa. Alikuwa kama alivyosalimiwa. Ukitoka nyumbani asubuhi, watu watatu wakakuita fundi, jioni utakuwa umeshika msumeno, na hakuna atakayekuuliza umejifunzia wapi. Wengine walisema huo ni uonevu. Tamimu hakusema kitu, kwa sababu yeye alisalimiwa Fisi, na ufisi ulimkaa vizuri kama shati lililofuliwa mara nyingi.

Fisi alikuwa mshinde wa mji. Zamani, ulingo wa mieleka ulipokuwa bado umesimama, Fisi ndiye aliyeangushwa na Radi katika pambano la mwisho, na tangu hapo kuangushwa kukawa kazi yake hata bila ulingo. Watoto wakimwona walimzomea, na siku asipozomewa alirudi nyuma kuwauliza kama kuna msiba. Muuza uji alimjazia bakuli mara mbili, maana mshinde, alisema, hashibi. Akifungwa bao watu walifurahi. Akifunga walifurahi zaidi, wakasema leo jua limechomoza upande wa jikoni. Hakuna alichoweza kufanya kikamharibia jina. Jina lilikuwa limeshaharibika, na humo ndani ya uharibifu kulikuwa na nafasi, na upepo, na mahali pa kunyoosha miguu.

Bingwa alikuwa Kitwana. Yeye ndiye aliyesalimiwa Radi. Kila harusi kiti cha mbele kilikuwa chake, hata harusi ya watu asiowajua, na alikaa hapo mgongo wima mpaka punje ya mwisho ya pilau iliwe. Hakuruhusiwa kubeba ndoo. Akipiga chafya watu walitazamana. Waliogombana walikwenda mlangoni kwake kutaka uamuzi, naye aliamua, kwa sababu bingwa hawezi kusema sijui. Miaka ilimfanyia uso kama mlango wa ofisi. Tamimu alimpenda na alimwonea huruma, lakini huruma ya mshinde kwa bingwa haina pa kuwekwa, kwa hiyo aliitia mfukoni akatembea nayo.

Kila Jumamosi watu walikusanyika katika ukumbi wa Bi Mashavu. Jumamosi ya mji ule ilikuja ilipojisikia: wiki nyingine mara mbili, wiki nyingine isije kabisa, watu wakabaki ndani ya Ijumaa ndefu wakipiga miayo. Bi Mashavu alikuwa na televisheni moja yenye mgongo mkubwa na deki moja ya kanda. Aliziba madirisha kwa mablanketi ili jua la mchana lisiingie, akaipuliza kanda vumbi, akaisukuma ndani kwa kiganja kama mtu anayemlisha mtoto mkaidi. Kisha mji ukatazama mapambano yake ya zamani na kuyakosoa.

Waliyakosoa kwelikweli. Mwamuzi huyu anahesabu kama mtu anayeshuka ngazi na goti bovu. Yule kapigwa tumboni, mbona kashika kichwa. Huyu karuka kabla hajasukumwa. Yule kamkaba mwenzake shingo muda mrefu mpaka mtu angeweza kusuka mkeka na kuukalia. Mgeni angeuliza: kwani hamkujua kwamba yote yamepangwa? Walijua. Mieleka ile ilipangwa kama harusi inavyopangwa, na hakuna anayetoka harusini akilalamika kwamba bwana harusi alijua mapema nani atakuwa mkewe. Swali la ukumbi halikuwa nani alishinda. Lilikuwa gumu kuliko hilo: aliyeshinda, alishinda vizuri? Aliyeanguka, alianguka kwa moyo? Na chini ya maswali hayo lilikaa jingine ambalo hakuna aliyelitoa mdomoni, lilikaa tu kama maji chini ya zulia: kama ushindi ni kitu cha kupewa, aliyenao ana nini hasa? Akifungua kiganja chake peke yake chumbani, anaona nini?

Ukumbi ulikuwa na sheria moja. Mtu hajisemei. Kama pambano ni lako, wewe unafunga mdomo, na anayesimama kukusifu au kukusuta ni mpinzani wako. Yeye ndiye aliyebeba uzito wako, walisema. Mizani haijipimi yenyewe. Kwa sheria hiyo Kitwana alikuwa amemsemea Tamimu mara nyingi, na Tamimu amemsemea Kitwana, na walifanya hivyo kwa adabu, kama majirani wanaorudishiana sahani.

Sasa lisemwe jambo la vinyago, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka.

Zamani zile Mwenye Ulingo, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona kwa mbele, alishonesha vinyago viwili vya kitambaa: cha bluu cha Radi na cha madoa cha Fisi. Akaamuru Radi ashinde daima. Hakuamuru Radi awe nani. Kitwana na Tamimu walikuwa vijana wa kimo kimoja, na mifupa yao ilikuwa mifupa tu, kwa hiyo wakapeana zamu. Jumamosi hii mimi natupa wewe unaanguka, Jumamosi ijayo wewe unatupa. Hawakuona kama ni udanganyifu. Ilikuwa namna ya kufanya kazi, kama wapasua mbao wanavyobadilishana upande wa juu na upande wa chini wa msumeno, ili asiwepo mmoja wa kula unga wa mbao maisha yake yote. Pambano likiisha walivua vinyago wakavitosa pamoja katika beseni moja la maji ya sabuni.

Siku ya pambano la mwisho Mwenye Ulingo aliuondoa ulingo wake, akaenda zake akiwa ameupa mji mgongo, na mji kwa mara ya kwanza ukataka kuona nyuso. Ukagonga mlango wa chumba cha kuogea. Wale wawili, povu masikioni, wakatia mikono ndani ya beseni, kila mmoja akavuta kilichomjia, wakatoka. Kitwana alikuwa na cha bluu. Akabebwa juu juu. Tamimu alikuwa na cha madoa. Akazomewa, akacheka. Mwanzoni walikumbuka nani alikuwa nani. Lakini katika mji ule kumbukumbu haikai kichwani mwa mtu, inakaa midomoni mwa watu, na midomo ilikuwa mingi. Ilipopita misimu michache Kitwana akaanza kuota akishinda. Tamimu aliota akianguka, na ndoto yenyewe ilikuwa tamu.

Kanda ya pambano hilo ilidhaniwa imeliwa na panya. Ndipo Jumamosi moja Bi Mashavu akaikuta chini ya gunia la mkaa, nzima, na mji mzima ukaja kuitazama. Kitwana alikaa kiti cha mbele, mgongo wima. Tamimu alikaa chini kwenye jamvi, miguu imenyooka.

Yalianza majigambo, maana siku zile hakuna aliyepigana kabla ya kujigamba. Radi alitokea, kinyago cha bluu, akasema kwa sauti iliyozibwa na kitambaa kwamba yeye akipiga harudii. Mtu mmoja wa nyuma akauliza, kama harudii, mbona pambano lilichukua mchana kutwa. Ukumbi ukacheka. Wakasema anajigamba huku anatazama pembeni, kama mtu anayesoma bei dukani. Wakasema mabega anayatanua mno, atashindwa kupita mlangoni. Majigambo ya Radi yakahukumiwa kuwa mabovu, na Kitwana, kwa kuwa mtu hajisemei, akanyamaza.

Kisha akaja Fisi. Hakupiga kelele. Aliinama kidogo, akasogeza madoa yake karibu na kioo.

“Radi hupiga ikaondoka,” alisema. “Mti ulioungua anabaki nao nani? Mimi. Nitachuchumaa nitaota moto wake, na wewe utakuwa huko juu, na baridi yako.”

Ukumbi ukashusha pumzi. Bi Mashavu alisimamisha kanda, akairudisha nyuma, wakasikia tena. Akamwambia Tamimu kwamba alikuwa na mdomo yeye, mdomo wa kuposea binti wa watu. Tamimu aliinamisha kichwa kwa shukrani, lakini ndani alipigwa na ugeni. Maneno yale hakukumbuka kuyafikiri. Yalikuwa mazuri kuliko yeye. Akageuka kumtazama Kitwana, na akaona midomo ya Kitwana inatikisika, polepole, na ilikuwa mbele ya picha. Neno lilitoka kwenye midomo ile kwanza, ndipo likatoka kwenye televisheni.

Pambano likaanza.

Hapa pana jambo ambalo ukumbi haukulijua, wala Mwenye Ulingo hakulijua. Mtu hamtupi mwenzake bila kubisha hodi. Kuanguka kunataka pumzi itoke kwanza na kidevu kiende kifuani. Asiyejua lini anatupwa huvunjika. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na hodi yake. Kitwana alikohoa kikohozi kifupi, kavu, cha puani. Tamimu hakuwahi kukohoa. Yeye alibonyeza kwapa la mwenzake kwa kidole gumba, mara moja, kama mtu anayeangalia kama papai limeiva.

Katika televisheni Radi alimshika Fisi, akamkumbatia, akamzungusha. Gumba la Radi likazama kwapani. Fisi akapaa.

Tamimu aliangalia mkono wake mwenyewe. Gumba lake lilikuwa limebonyeza goti, na lilibonyeza kabla ya lile la kwenye picha.

Akasubiri. Labda macho. Labda kanda imechakaa. Radi akamshika Fisi tena, na gumba likazama tena, na gumba la Tamimu likazama tena katika goti lake. Pale kwenye jamvi ukumbi ulikuwa unamkosoa mwamuzi, na mwanamke mmoja alisema kamba za ulingo zimelegea kama kamba za kuanikia nguo. Hakuna aliyeona. Kuona gumba kunataka uwe umewahi kubonyezwa.

Basi ni mimi. Mimi ndiye wa bluu.

Nani kaniuliza? Hakuna.

Kiti cha mbele, mgongo wima. Uji bakuli moja, kwa heshima, na kijiko. Watoto watasimama kimya nikipita kama wanaona jeneza. Nitaulizwa mvua itanyesha lini na nitajibu. Sitaki. Nilishinda pambano la mwisho kwa bahati mbaya, siku ambayo zamu ilikuwa yangu, na ushindi wenyewe ukapotea kwenye povu, na nikaishi vizuri. Mtu akipoteza mwiba anautafuta?

Lakini kama mimi si Fisi, aliyeishi vizuri miaka yote hii alikuwa nani? Aliyezomewa ni nani? Aliyecheka, kicheko chake kilikuwa cha nani? Nilikula uji wa mtu. Nilinyoosha miguu katika nafasi ya mtu.

Na mwenye nafasi yake amekaa pale mbele, mgongo wima.

Tamimu alitaka picha iishe. Haikuisha. Fisi alitupwa, akatupwa, na kila alipotupwa alipata njia mpya ya kuanguka: mara kama gunia, mara kama mlevi anayekumbuka jambo, mara akaanguka polepole kwa mafungu, kiuno kwanza, kisha mabega, kisha aibu. Ukumbi ulipiga makofi hadi vumbi likatoka kwenye mablanketi. Radi aliinua mikono kushangilia ushindi, akaonekana wazi anatafuta mlango kwa macho. Kanda ikakatika hapo.

Bi Mashavu akauliza nani anaanza. Kitwana akasimama. Akasema anataka kumsemea Fisi, naye akaambiwa na aseme.

Alizungumza akiitazama televisheni iliyozimika. Alisema waangalie Fisi yule anavyoanguka kwa mgongo wote ili kiwiko cha mwenzake kisigonge sakafu. Alisema hakuna mtu mle ndani aliyewahi kushinda kitu kwa ustadi ambao yule alishindwa. Alisema mtu anayeanguka hivyo hamwogopi mtu, wala hamwonei mtu wivu, na ana haki ya kulala usingizi. Sauti yake ilikuwa inapanda. Watu walishangaa, kwa sababu uso wake ulikuwa unafunguka, na walikuwa wamezoea ukiwa umefungwa.

“Sijafurahi hivyo tena,” alisema, “tangu siku ile.”

“Kitwana, baba,” Bi Mashavu alisema, “unamsemea nani?”

“Namsemea Fisi. Fisi ni mimi.”

Akaeleza mambo ya zamu, na beseni, na kikohozi, na kidole gumba. Wengine walicheka, wakasema bingwa kachoka na kiti, apewe mto. Mmoja akasema kwa ukali kwamba sheria imevunjwa, mtu kajisemea. Kitwana akajibu kwamba amekaa mbele ya harusi zao zote akiwa Radi, na hakuna aliyemwambia anajisemea. Leo anasema yeye aliangushwa, ndipo wanakumbuka sheria. Kulikuwa na minong'ono. Kuvuliwa bingwa si jambo dogo kwa mji. Kama bingwa si bingwa, basi na maamuzi yake mlangoni yalikuwa ya nani, na waliyoyatii walimtii nani?

Bi Mashavu aliinua mkono. Alisema sheria ni sheria. Neno la Kitwana juu yake mwenyewe halihesabiki, hata liwe kweli namna gani. Linalohesabiki ni la mpinzani.

“Tamimu. Aliyeanguka pale ni nani?”

Tamimu alisimama taratibu. Jibu lilikuwa rahisi, na lilikuwa tayari mdomoni. Akisema ni yeye, ukumbi ungecheka, mablanketi yangeshushwa, jua lingeingia, na kila mtu angekwenda nyumbani na jina lake. Kitwana angerudi kitini. Hakuna ambaye angejua. Hata kesho wao wenyewe wasingejua, maana midomo ingeanza kazi yake. Alimtazama Kitwana. Kitwana hakumtazama. Alisimama mikono imelegea, shingo mbele kidogo, anapumua juu juu, na Tamimu aliujua mwili ule. Ulikuwa mwili wa mtu aliyekwisha kukamatwa, anayesubiri hodi, na hodi haijaja.

Mtu anaweza kumfanyia mwenzake mengi. Anaweza kumlia uji wake. Lakini kumwacha amesimama hivyo, hapana. Hiyo haikuwa kazi yao.

Alipita katikati ya watu, akamkumbatia Kitwana kiunoni, na akazamisha kidole gumba kwapani mwake.

Pumzi ilimtoka Kitwana. Kidevu kilikwenda kifuani peke yake. Mwili ule mkubwa, wenye mvi, uliokaa wima kwa mji mzima, ulinyanyuka ukazunguka ukaenda chini kwa mafungu, kiuno kwanza, kisha mabega, kisha aibu, ukalala juu ya jamvi na mgongo wote. Hakuna kilichovunjika. Watu waliitazama televisheni iliyozimika, wakamtazama yeye, na hawakuhitaji kanda.

“Huyu,” Tamimu alisema.

Makofi hayakuja mara moja. Yalianzia kwa Bi Mashavu, yakaenda nyuma, yakarudi. Kitwana, akiwa bado amelala, alianza kucheka mdomo wazi, na ilionekana amekosa meno mawili ambayo hakuna aliyejua amekosa.

Walipotoka nje jua lilikuwa bado kali, na mlangoni walikuwepo ndugu wawili, Pazi na Shenga, waliokuja kutaka uamuzi kuhusu ukuta wa ua kati ya nyumba zao. Walikuwa wamekwisha kumwelekea Kitwana, watu wakawageuza kwa mabega, wakawaonyesha Tamimu. Pazi, mkubwa, alimtazama juu hadi chini.

“Shikamoo, Radi,” alisema.

Ilimwangukia Tamimu shingoni kama kitambaa kibichi. Akaitikia. Hakuna njia nyingine ya kuipokea shikamoo.

Ndugu wale wakasema kesi yao. Pazi alisema kwa lugha nzuri kwamba ukuta uko pale ulipoachwa na marehemu baba yao. Shenga alisema kwa lugha mbovu kwamba umesogea. Watu walisubiri, na Tamimu alihisi mgongo wake unaanza kunyooka wenyewe. Hakujua lolote kuhusu kuta. Ila alijua hili: siku ile ile asubuhi, kwa kinyozi, Pazi alisimulia mbele yake jinsi alivyousogeza ukuta tofali kwa tofali mdogo wake akiwa safarini, na alisimulia akicheka, povu la sabuni kidevuni, bila hata kugeuza kichwa. Nani hugeuza kichwa kwa ajili ya Fisi? Miaka yote hii mji ulikuwa umesemea siri zake juu ya kichwa chake, kama watu wanaopitishiana mabakuli juu ya mtoto.

Akamwambia Pazi aurudishe ukuta ulipokuwa. Pazi akasema vema, Radi. Watu wakanong'ona kwamba bingwa wa kweli hahitaji kuambiwa. Tamimu aliwaacha wanong'one, lakini aliona jambo jingine: walinong'ona. Tayari walikuwa wamepunguza sauti. Kesho watapunguza zaidi, na kwa kinyozi pataingia kimya akiingia, na kila atakayefika mbele yake atakuja amevaa lugha nzuri. Aliyajua yote ya mji, na alikuwa ameshasikia la mwisho.

Halikumhuzunisha sana. Kila nafasi ina upepo wake. Hii nayo ataitafutia dirisha.

Ng'ambo ya njia Kitwana alikuwa ameshakaa barazani pa watu, anamenya karanga zisizo zake, na maganda yamemjaa mapajani. Karibu naye wanaume wawili walikuwa wanasimuliana jambo zito, jambo la wake na mashamba, kwa sauti kubwa, kana kwamba pale alipokaa hapakuwa na mtu.

“Fisi,” Tamimu aliita.

Kitwana aligeuka kabla jina halijaisha, upesi, kama mtu aliyeitwa na mama yake.